Straika wetu mpya kafunga mawili tu katika mechi tisa: tumteme au tumvumilie?

"Shikamoo kocha. Niko kwenye kamati ya timu yetu ya mtaa hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwanzoni mwa msimu tulimchukua mshambuliaji kutoka Manyoni. Kule alikuwa moto: mechi 16, magoli 14. Kwetu kacheza mechi tisa, kafunga mawili. Tunatumia mfumo wa 4-2-3-1, straika mmoja tu mbele, mechi nyingi mpira tunao sisi na wapinzani wanajazana nyuma. Mashabiki wameshambatiza galasa. Mwenyekiti anataka tumteme dirisha la usajili likifunguliwa, kocha wetu anasema tuvumilie. Kijiweni tunabishana mpaka usiku: wapo wanaosema hajui kumalizia, wapo wanaosema mabeki wa Manyoni ni wepesi, na wapo wanaosema namba tisa (straika) wa kweli anafunga hata akirushiwa kopo. Tutajuaje kama tatizo ni yeye au ni sisi? Na penalti je? Kule alikuwa anapiga yeye, kwetu anapiga nahodha. Tumpe apate kujiamini?"

Marahaba, ndugu yangu. Ugomvi huo unazigawa hata kamati za timu za Ligi Kuu, tofauti ni kwamba wenzenu wanabishania mamilioni. Kwa maelezo uliyonipa, hakuna kati yenu mwenye ushahidi wa kumwita kijana galasa, wala mwenye ushahidi wa kumtetea. Mmehesabu magoli tu. Goli ni hatua ya mwisho ya kazi inayoanzia mbali, na hizo hatua za kabla yake ndizo zitakazowaambia tatizo liko wapi.

Tuanze na yale 14 ya Manyoni. Kama penalti alikuwa anapiga yeye, ziondoeni kwanza kwenye hesabu. Penalti huingia takribani tatu katika kila nne, na anayezipiga anavuna magoli ambayo hata beki wa kati angeyavuna. Tuseme zilikuwa nne. Yanabaki magoli kumi kwa mechi 16, ambayo si haba, lakini si yule mtu wa goli kila wiki mliyekuwa mnamsubiri.

Halafu kuna bahati, neno ambalo mashabiki hatupendi kulisikia. Mshambuliaji mwenye uwezo halisi wa goli moja kila mechi mbili hafungi kwa zamu, wiki hii ndiyo, wiki ijayo hapana. Anatupia mawili Jumamosi, kisha anakauka mwezi mzima. Kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano, ukichukua mechi tisa zozote za mtu wa kiwango hicho, karibu mara moja katika kila sita atatoka na magoli mawili au pungufu, na hajaharibika popote. Kwa hiyo mechi tisa ni chache kumhukumu mtu kwa magoli peke yake. Na angefunga manane katika hizo tisa, nisingewashauri mumwage sifa pia.

Hoja ya mabeki wepesi ina ukweli kidogo, ila mnaitumia vibaya. Mkumbuke Mbwana Samatta. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi kule Ubelgiji, Genk ikachukua ubingwa, na waliomlisha mipira ni watu wa aina ya Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi. Januari 2020 akaenda Aston Villa iliyokuwa inahangaika isishuke daraja. Mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza, goli moja, na jingine fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley. Mabeki wa kule ni wagumu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mguu ulikuwa uleule wa Genk, na timu inayojihami muda mwingi haiwezi kumpa namba tisa wake mipira ileile aliyozoea kwenye timu bingwa. Swali la kujiuliza kuhusu mabeki wa Manyoni basi si kwamba walikuwa wepesi kiasi gani. Ni kwamba walikuwa wanasimama wapi.

Mkalisheni kijana chini, mumwombe asimulie yale magoli yake moja moja. Nadhani mengi yatakuwa ya namna hii: timu yake imebanwa, mpira umenaswa katikati, kiungo anaupeleka haraka nyuma ya mabeki, yeye anakimbia mita ishirini na kipa yuko peke yake. Hayo ni magoli ya kaunta. Yanahitaji uwazi mgongoni mwa mabeki, na uwazi huo unakuwepo wapinzani wanapopanda kushambulia.

Kwenu uwazi huo haupo. Mpira mnao nyinyi, wapinzani wamerudi mpaka ukingoni mwa 18 yao (boksi la penalti), na kutoka mstari wa mabeki hadi kwa kipa ni mita 15 au chini ya hapo. Mbio zake za mita ishirini zitampeleka nyuma ya goli. Katika 4-2-3-1 anabaki peke yake kati ya mabeki wawili wa kati, na namba kumi wenu, yule kiungo wa nyuma yake, kama walivyo wengi, anapenda kushuka kuufuata mpira badala ya kupanda kumsaidia. Mmemsajili mtu wa kazi moja mkampa nyingine. Mnaweza kumfundisha hiyo kazi mpya au mkaibadilisha ifanane naye. Kumtukana hakumo.

Nikupe tukio moja, mlitazame Jumamosi. Winga wenu wa kushoto anapokea mpira karibu na chaki. Straika anamwona, anajipinda mgongoni mwa beki wa kati na kuchomoka. Huo ndio wakati wa pasi: mguso wa kwanza wa kutuliza, wa pili wa kuachia. Lakini winga, ambaye pengine ni wa mguu wa kulia mliyempanga kushoto, anaingia ndani, anagusa mara ya tatu, ya nne. Straika ameshafika mwisho, lazima asimame arudi ili asiotee. Krosi inapokuja yeye anatembea kurudi nyuma, uso umeelekea katikati ya uwanja na beki ameshamwekea mkono begani. Jukwaani mnaona mtu amesimama, mnapiga kelele kwamba ni mvivu. Mbio aliikimbia sekunde mbili kabla, nyote macho yakiwa kwa winga.

Ndiyo maana nataka mhesabu. Mtafuteni mtu mmoja asiye na ushabiki mkali (najua ni kazi), mumpe daftari na kalamu, mwingine arekodi kwa simu akiwa amesimama juu ya kitu, usawa wa mstari wa kati. Mwenye daftari asiufuate mpira, amfuate straika dakika zote 90. Aandike mara ngapi amegusa mpira ndani ya 18, amepiga mashuti mangapi na kutoka wapi, amekimbia mara ngapi mpira usije, na akipewa mpira mgongo ukiwa golini ameutunza mara ngapi na kuupoteza mara ngapi. Mechi nne zinatosha kuonyesha mwelekeo.

Kwenye mashuti muwe makini, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya kopo inapofia. Nafasi hazilingani. Shuti la nje ya 18 huingia mara tatu au nne tu katika mia. Kichwa kutoka usawa wa alama ya penalti, krosi ikiwa ya juu na beki yupo pembeni, ni kama moja katika kumi. Mpira wa chini ndani ya boksi dogo, lile la mita 5.5, kipa akiwa amehama upande, unaweza kukaribia nusu kwa nusu. Kwa hiyo mtu aliyepiga mashuti kumi ya mbali bila goli hajakosa chochote cha ajabu. Aliyepiga matano ya mita sita bila goli, huyo tumzungumzie. Mimi huita nafasi ya maana ile iliyo ndani ya mita 11, katikati ya milingoti, bila beki kati ya mpira na goli ila kipa.

Sasa someni daftari. Akigusa mpira ndani ya 18 mara mbili tatu kwa mechi na kupata nafasi ya maana moja au pungufu, tatizo ni lenu, na mkimleta straika mwingine mtampeleka kwenye njaa ileile. Akipata nafasi za maana mbili au tatu kila mechi, na baada ya mechi nne ana goli moja au hana, umaliziaji wake una kasoro. Na kama mipira inamfikia ila anaipoteza mara saba katika kumi akiwa ameupa mgongo lango, shida iko kwenye mguso wa kwanza na mwili, na mfumo wa straika mmoja utaendelea kumuumbua.

Nikibashiri kutokana na maelezo yako, mtajikuta kwenye hali ya kwanza, kwa hiyo niitumie nafasi kubwa hapo. Dawa ya haraka kuliko zote ni kubadili aina ya mpira wa mwisho. Acheni krosi za juu za kutoka mbali. Winga aende mpaka karibu na mstari wa goli, ndani ya 18, kisha mpira urudishwe nyuma chini chini kuelekea alama ya penalti. Mabeki wakati huo wanakimbia kuelekea golini kwao na hawawezi kuuona mpira na mtu kwa pamoja, na anayepokea akiwa nyuma ya mpira hawezi kuotea. Ili ifanyike, winga wa kushoto awe wa mguu wa kushoto, au beki wenu wa kushoto apande nje yake. Straika afundishwe mwendo mfupi: hatua mbili kuelekea mlingoti wa karibu kumvuta beki, kisha asimame ghafla na kurudi hatua moja. Mita mbili hizo zinatosha. Winga wa upande wa pili aingie mlingoti wa mbali kila mara, bila kusubiri kuona kama mpira utafika. Namba kumi abaki kwenye mduara wa 18 kwa mpira unaotemwa.

Njia nyingine ni kuwarudishia wapinzani mpira kwa makusudi. Kwa dakika kumi na tano hivi za kila kipindi, timu nzima ishuke mita kumi hadi kumi na tano, muwaache mabeki wao wapande. Wakishavuka mstari wa kati, ule uwazi wa Manyoni umerudi, na kiungo wenu akinasa mpira, pasi yake ya kwanza itazame mbele. Mashabiki watazomea mkishuka. Kocha awe na moyo mgumu. Mnaweza pia kumwongezea mwenzake mbele na kucheza 4-4-2, na mimi ningejaribu hivyo mechi za nyumbani dhidi ya wanaopaki basi, yaani wanaojazana nyuma, lakini mjue katikati mtabaki wawili, na kama viungo wenu hawana pumzi mtapigwa katikati kabla hamjafunga mbele.

Kuna jambo la uwanja pia, ambalo timu nyingi za Dodoma hulipuuza. Udongo wetu wa kiangazi ni mgumu, mpira unadunda juu, na pasi ya chini hufika ikiwa usawa wa goti. Pimeni upepo wa mpira. Sheria inaruhusu kuanzia 0.6 hadi 1.1 bar, na kwenye uwanja mkavu chukueni upande wa chini, 0.6 au 0.7. Mpira uliojazwa ukagongeka kama kichuguu, halafu ukakaa juani tangu saa nane mchana, unazidi kukaza. Mguso wa straika wenu unaweza kuonekana mbovu kumbe kosa ni la pampu. Na upepo wa jioni unaosumbua krosi, utumieni: nahodha akishinda sarafu anaruhusiwa kuchagua goli la kushambulia kipindi cha kwanza. Mkicheza mkiwa na upepo mgongoni, krosi zipigwe chini, la sivyo zote zitaishia kwenye michongoma.

Daftari likionyesha kwamba nafasi anazipata na anazikosa, kazi ni ya mazoezini, na si ile ya kupanga mipira ukingoni mwa 18 na kila mtu apige anavyotaka. Ile inamfurahisha kipa tu. Tengeni dakika ishirini Jumanne na Alhamisi. Mpigaji asimame mita 12 kutoka golini, mpira utoke pembeni ukiwa unatembea, amalizie kwa mguso mmoja au miwili. Mipira sita, dakika mbili za kupumzika, raundi tatu. Wiki ya kwanza bila beki, wiki ya pili beki anatembea naye, ya tatu beki anakaba kweli. Tazameni mguu usiopiga. Ukitua nyuma ya mpira, mwili unalala nyuma na shuti linaruka mtambaa panya. Utue ubavuni mwa mpira, kidole kikielekea anapotaka kupeleka, kifua juu ya mpira. Kwenye uwanja unaodunda atumie upande wa ndani wa mguu na alenge chini, mlingoti wa mbali, kwa sababu kipa akiutema wa mbali unarudi uwanjani ambako mwenzake anaweza kuukuta. Msitegemee mabadiliko kabla ya wiki nne.

Kabla ya yote hayo, muulizeni kijana kuhusu mwili wake na siku yake ilivyo. Wachezaji wengi wa madaraja haya wanaficha maumivu kwa kuogopa benchi, na maumivu ya kinena ndiyo yanayofichika zaidi. Dalili zake ni kuchelewa hatua tatu za kwanza, kukwepa kupiga kwa nguvu, na kujishika sehemu ya juu ya paja baada ya mbio. Alale chali, akunje magoti, muweke ngumi katikati ya magoti na abane kwa sekunde tano. Akisikia maumivu kinenani, asimame kupiga mashuti na apelekwe kwa mtaalamu wa viungo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa mtapata wa kumwona. Asisuguliwe mafuta na mtu wa mtaani kisha akaingizwa uwanjani. Na kama anashinda juu ya bodaboda tangu alfajiri, au anabeba zege Mtumba mpaka saa tisa kisha mechi saa kumi, nyonga zimekakamaa na tumbo liko tupu. Posho ya nusu siku ili siku ya mechi apumzike na ale wali wake saa sita inaweza kuwa usajili wa bei rahisi kuliko wote mtakaofanya.

Sasa lile la kumtema. Kumwacha kuna faida moja ya kweli: mnapata nafasi na fedha ya kumtafuta mtu wa boksi, mwenye mwili, anayejua kucheza akiwa amekabwa. Kama mna hakika mtaendelea kumiliki mpira na mmemwona mtu wa namna hiyo kwa macho yenu, si kwa kusimuliwa, mwenyekiti hajakosea kabisa. Hasara ni kwamba mtaanza upya na mgeni katikati ya msimu. Kumbuka pia kuwa timu inaweza kufunga sana bila namba tisa kufunga sana. Yanga walipompoteza Fiston Mayele, aliyekuwa na magoli 17 ya ligi msimu wa 2022/23, hawakupata straika wa kuziba idadi hiyo. Msimu uliofuata Stephane Aziz Ki akiwa kiungo alifunga 21 na ubingwa wakabaki nao. Kwa hiyo mwenye daftari aandike na hili: straika akikimbia, nani anapata nafasi? Kama winga wenu ana magoli saba kwa sababu mabeki wawili wanamfuata kijana wa Manyoni, mkimwondoa mtashangaa winga naye amekauka.

Uamuzi wangu kama ningekuwa mezani kwenu: mechi nne za kuhesabu, huku mkibadili mpira wa mwisho, ndipo mkae. Nafasi za maana zikiongezeka na yeye akawa anazikosa hata baada ya mazoezi hayo, mwacheni kwa heshima, mapema, apate timu. Kabla ya kuandika barua yoyote, mmoja wenu aende chama cha mpira cha wilaya akaulize kanuni za mashindano yenu kuhusu tarehe za usajili na uhamisho, maana kuna timu zimemtema mtu kisha zikakuta mbadala haandikishiki. Na kama kocha wenu hana mtu wa kujadiliana naye, mwalikeni kocha mwenye leseni atazame mechi moja nzima na mazoezi mawili. Mimi ninasoma barua. Yeye ataona mwendo wa mabega ya kijana, jambo ambalo barua haiwezi kunionyesha.

Kuhusu penalti, msimpe kwa huruma. Nahodha kama anafunga, aendelee. Akikosa kijana penalti ya kusaidiwa, mbele ya jukwaa lililokwisha kumbatiza jina, mtakuwa mmemwongezea mzigo, na akifunga hamtakuwa mmejua lolote jipya kuhusu mpira wake wa kawaida. Ila mazoezini wapige wote wawili, kila mmoja kumi baada ya mazoezi, miguu ikiwa imechoka, kwa wiki tatu, na kipa huyohuyo. Atakayefunga zaidi ndiye mpigaji, nahodha au si nahodha.